Kenya na Tanzania: serikali ipi inatumia zaidi kwa elimu ya juu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Juni mawaziri wa fedha wa Afrika Mashariki husoma bajeti zao, mara nyingi siku moja, na kabla jua halijazama ubishi umeshaanza: Kenya inajali vyuo vikuu kuliko Tanzania, au kinyume chake. Takwimu hutupwa huku na huku, nyingi za kweli, lakini zimewekwa mahali pasipo pake. Haya hapa ni maswali yanayojirudia, na majibu yake kadiri hesabu zinavyoruhusu.

Kwa kifupi, nani anatoa zaidi?

Kwa jumla ya fedha, Kenya. Uchumi wake ulizidi dola bilioni 100 mwaka 2023, wakati wa Tanzania ulikuwa karibu dola bilioni 80, na vyuo vikuu vyake vina wanafunzi zaidi ya nusu milioni. Tanzania, ambayo ina watu wengi zaidi (milioni 61.7 kwa sensa ya 2022, Kenya milioni 47.6 kwa sensa ya 2019), ilikuwa na kama nusu ya wanafunzi hao. Kwa hiyo jumla kubwa ya Kenya inagawanywa kwa vichwa vingi zaidi. Ukiuliza mwanafunzi mmoja anafikiwa na shilingi ngapi za serikali, pengo linapungua sana, na kwa baadhi ya makundi linageuka.

Kenya ilitenga shilingi bilioni 656.6 kwa elimu mwaka 2024/25, na Wizara ya Elimu Tanzania ikaomba kama trilioni 1.97. Si nigeuze sarafu tu nilinganishe?

Usifanye hivyo. Huu ndio mtego unaonasa wengi kuliko mingine yote.

Ukigeuza, kwa kiwango cha takriban shilingi 20 za Tanzania kwa shilingi moja ya Kenya, bilioni 656.6 zinakuwa kama trilioni 13 za Tanzania. Ukiziweka kando ya trilioni 1.97, Kenya inaonekana kutumia zaidi ya mara sita. Picha ya kutisha, ila haina maana. Ile bilioni 656.6 ni sekta nzima ya elimu, na zaidi ya nusu yake inakwenda kwa Tume ya Huduma za Walimu (TSC), yaani mishahara ya walimu wa shule za msingi na sekondari. Kule Tanzania walimu hao hawalipwi kupitia Fungu 46 la Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Wako chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, kwenye mafungu ya mikoa na halmashauri. Umelinganisha nyumba nzima na chumba kimoja.

Ndani ya hilo Fungu 46, mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu peke yake ilikuwa bilioni 787 mwaka 2024/25. Ni sehemu kubwa mno ya bajeti ya wizara. Kwa Kenya inabidi uache jumla ya sekta na ushuke hadi Idara ya Serikali ya Elimu ya Juu na Utafiti, ambayo ina fungu lake, namba 1065. Hapo ndipo ulinganisho unapoanza kuwa na miguu.

Nikisema "elimu ya juu", ninahesabu vyuo gani?

Amua mapema, kisha usibadilike katikati ya hesabu. Takwimu za kimataifa za UNESCO zinahesabu kila kinachofuata sekondari kuanzia stashahada fupi hadi shahada ya uzamivu. Watu wa kawaida wanaposema elimu ya juu wanamaanisha chuo kikuu.

Tofauti si ndogo. Kenya imevitenga vyuo vya ufundi katika idara yake, fungu 1064, na wanafunzi wake wanakopeshwa na HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ileile inayokopesha wa vyuo vikuu. Tanzania kwa miaka mingi ilikopesha wa shahada tu. Mwaka 2023/24 ndipo serikali ilipotenga bilioni 48 kwa wanafunzi wa stashahada katika fani zilizochaguliwa. Anayechukua jumla ya HELB na kuiweka kando ya jumla ya miaka ya nyuma ya HESLB, bodi ya mikopo ya Tanzania, anachanganya makundi mawili upande mmoja na kundi moja upande mwingine.

Fedha zote za vyuo zinapita wizara ya elimu?

Hapana, na hapa wenye haraka wanapoteza hesabu.

Tanzania ina taasisi zinazotoa shahada lakini ziko chini ya wizara nyingine. Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), Chuo cha Uhasibu Arusha na Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini cha Dodoma viko chini ya Wizara ya Fedha. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kiko kwa wenye mambo ya uchukuzi. Ukisoma Fungu 46 pekee, hao wote hawapo.

Halafu kuna Zanzibar. Elimu ya juu imo katika orodha ya mambo ya Muungano, ila Serikali ya Mapinduzi ina chuo kikuu chake, SUZA, na bodi yake ya mikopo. Anayetaka takwimu ya Jamhuri ya Muungano nzima lazima aongeze bajeti ya Zanzibar. Sijaona wengi wakifanya hivyo.

Kwa Kenya, elimu ya vyuo vikuu ni kazi ya serikali ya kitaifa kwa mujibu wa Katiba ya 2010, lakini kuna basari zinazotolewa na NG-CDF, hazina ya maeneo bunge inayopata si chini ya asilimia 2.5 ya mapato ya serikali ya kitaifa, na nyingine zinatolewa na kaunti. Sehemu ya basari hizo inaishia mikononi mwa wanafunzi wa vyuo. Ni fedha za umma, na mzazi wa Kitui au Kakamega anaijua vizuri foleni ya fomu zake, lakini hutaiona katika fungu 1065. Tanzania haina kitu kinachokaribia ukubwa huo.

Mkopo unahesabiwa kuwa matumizi ya serikali?

Inategemea unauliza nini, na ndiyo sababu swali hili linastahili muda.

Kenya ilianzisha HELB kwa sheria ya mwaka 1995. Tanzania ilitunga sheria ya HESLB mwaka 2004, na bodi ikaanza kazi Julai 2005. Zote zinatoa mikopo, lakini hapo kufanana kunakwisha.

Mkopo wa HELB kwa shahada ya kwanza una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na anayechelewa anatozwa faini ya shilingi 5,000 za Kenya kila mwezi. HESLB haitozi riba ya namna hiyo, lakini mnufaika aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kiwango kilichopandishwa kutoka asilimia 8 kwa marekebisho ya sheria ya 2016. Kulikuwa pia na tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyofanya deni la wengine likue kuliko walivyolipa. Ilifutwa mwaka 2021, na waliokuwa wakikatwa walishangilia kwa haki.

Sasa, shilingi inayotoka Hazina kwenda kwa mwanafunzi kama mkopo ni matumizi ya mwaka huu. Ikirudi baada ya miaka kumi, ni mapato ya mwaka huo. Ukiihesabu wakati wa kutoka ukasahau kuipunguza inaporudi, umeikuza. Isitoshe, marejesho yanakopeshwa tena, kwa hiyo si kila shilingi ya mkopo imetoka kwenye kodi ya mwaka huu.

Njia ya haki ni kuvunja mkopo vipande viwili: kile kitakachorejeshwa, na kile ambacho serikali imekubali kukipoteza kwa sababu ya riba ndogo, mfumuko wa bei na wadaiwa wasiopatikana. Kipande cha pili ndicho ruzuku halisi. Tanzania, bila riba, inabeba ruzuku kubwa zaidi ndani ya kila mkopo. Kenya inabeba ndogo kidogo kwa kila mkopo lakini kihistoria iliongeza ruzuku ya moja kwa moja kwa chuo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayesubiri boom, yaani fedha zake za mkopo, hajali lolote kati ya haya, na simlaumu.

Kenya ilibadilisha mfumo wa ufadhili mwaka 2023. Naweza kuunganisha takwimu za kabla na baada?

Kwa uangalifu mkubwa.

Kabla yake, serikali ilikuwa ikipeleka fedha chuoni. Tangu 2016/17 kiasi kilikadiriwa kwa gharama ya kila kozi, na ahadi ilikuwa serikali ilipe asilimia 80. Mwanafunzi mwenyewe aliombwa ada ya masomo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, kiwango kilichobaki palepale tangu enzi za kuchangia gharama mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ahadi ya asilimia 80 haikutimia. Idadi ya wanafunzi ilipanda, fedha hazikupanda nayo, na sehemu ya serikali ikateremka hadi karibu nusu. Madeni ya vyuo vya umma yakarundikana hadi makumi ya mabilioni.

Mei 2023 Rais William Ruto alitangaza mfumo mpya. Fedha zinamfuata mwanafunzi: sehemu ni ufadhili usiorejeshwa kupitia Hazina ya Vyuo Vikuu, sehemu ni mkopo wa HELB, na sehemu inalipwa na familia, kutegemea hali ya nyumbani. Ghafla gharama kamili ya kozi ikaandikwa kwenye barua ya kuitwa chuoni, na udaktari ukaonekana kuzidi nusu milioni kwa mwaka. Wazazi walipigwa na butwaa, ingawa gharama hiyo ilikuwepo siku zote, imefichwa tu ndani ya ruzuku. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huo unakiuka Katiba, na suala likapelekwa rufani.

Kwa mlinganishaji, maana yake ni hii: shilingi ileile iliyoitwa ruzuku ya chuo mwaka 2022 inaweza kuitwa ufadhili wa mwanafunzi mwaka 2024. Ukiona mstari mmoja umeporomoka na mwingine umepanda, usitangaze kwamba serikali imevitupa vyuo au imewaokoa wanafunzi. Jumlisha kwanza.

Kuna na la vyuo binafsi. Kuanzia 2016 Kenya iliwapeleka wanafunzi wa serikali hata huko. Mfumo wa 2023 ukawaachia mkopo tu bila ufadhili. Tanzania inakopesha wa vyuo binafsi pia. Basi "matumizi kwa vyuo vya umma" na "matumizi kwa elimu ya juu" ni takwimu mbili tofauti katika nchi zote mbili.

Nichukue bajeti iliyopitishwa au fedha zilizotolewa?

Zilizotolewa, kila inapowezekana. Bajeti ni nia tu.

Mwaka 2024 ni mfano mzuri. Bajeti ya Kenya ya 2024/25 ilisomwa Juni, maandamano yakalipuka, Muswada wa Fedha ukaondolewa mwishoni mwa mwezi huohuo, na makadirio yakakatwa kwa bajeti ya nyongeza. Anayenukuu hotuba ya Juni ananukuu fedha ambazo nyingine hazikuwahi kuwepo. Miezi michache baadaye wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma wakidai nyongeza zilizokubaliwa katika mkataba wao, wakagoma tena 2025. Mkataba uliotiwa saini bila fedha ni deni, na deni halionekani kwenye jedwali la matumizi hadi lilipwe.

Tazama pia kama jumla ni ghafi au halisi. Bajeti za Kenya huhesabu ndani yake mapato ya ndani ya vyuo, yaani karo wanazolipa wazazi. Ukiiita jumla hiyo yote matumizi ya serikali, umemnyang'anya mzazi sifa yake. Vyuo vya Tanzania navyo vina makusanyo yao, na mtego ni uleule.

Asilimia ya bajeti au asilimia ya pato la taifa?

Pato la taifa, kama utachagua moja. Asilimia ya bajeti inachezewa kirahisi kwa kubadili kigawanyo. Zile bilioni 656.6 za Kenya ni kama asilimia 16 ya bajeti iliyokuwa karibu trilioni 4. Ondoa malipo ya madeni na mgao wa kaunti, uwiano unapanda hadi kuzidi robo. Takwimu zote mbili ni sahihi. Mwanasiasa atachagua ya pili.

Kiwango cha UNESCO cha asilimia 4 hadi 6 ya pato la taifa, au asilimia 15 hadi 20 ya matumizi ya umma, ni cha elimu yote kuanzia chekechea. Ukiona mtu anakitumia kuhukumu vyuo vikuu peke yake, pita.

Nitumie dola?

Ukilazimika tu. Shilingi ya Kenya ilikaribia 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024, kisha ikarudi karibu 130 katika miezi michache. Aliyelinganisha Januari na aliyelinganisha Juni walipata majibu yanayopishana karibu kwa moja ya tano, na hakuna mhadhiri hata mmoja aliyepandishwa mshahara. Mishahara, chakula na kodi ya hosteli hulipwa kwa shilingi. Tumia viwango vya uwezo wa kununua, vinavyozingatia tofauti ya bei kati ya nchi, au gawanya matumizi kwa kila mwanafunzi na pato la mtu mmoja katika nchi yake.

Basi kwa kila mwanafunzi ni kiasi gani?

Chukua upande wa mikopo ya Tanzania, ulio wazi zaidi. Bilioni 787 kwa wanufaika wanaokaribia robo milioni ni zaidi ya shilingi milioni 3.1 kwa kila mmoja kwa mwaka. Ada ya shahada nyingi katika chuo cha umma ni takriban milioni 1 hadi 1.5, kwa hiyo kinachobaki ni chakula na malazi, ambayo posho yake ilipanda kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka 2022/23. Lakini huo ni mkopo tu. Mishahara ya wahadhiri wa vyuo vya umma inatoka Hazina kando, na lazima uigawanye kwa wanafunzi wa vyuo vya umma pekee, si kwa wanufaika wote wa mikopo.

Kwa Kenya unajumlisha ufadhili, mkopo uliopunguzwa marejesho, na ruzuku iliyobaki kwa wanafunzi wa mfumo wa zamani ambao bado wako madarasani. Makundi mawili yanasoma pamoja kwa masharti tofauti, kwa hiyo wastani mmoja wa nchi nzima utawadanganya wote wawili. Ni bora kutoa takwimu mbili.

Ukiniuliza kipimo kipi nakiamini kuliko vyote, ni hiki: katika gharama kamili ya kumsomesha mtu mwaka mmoja, familia inabeba sehemu gani? Kinaonyesha serikali imesimama wapi bila kujali imepitisha fedha mlango gani.

Fedha za Benki ya Dunia nazihesabu wapi?

Kwenye matumizi ya maendeleo, na uziweke safu yake. Mradi wa HEET wa Tanzania, dola milioni 425 zilizoidhinishwa 2021, unajenga kampasi na kusomesha wahadhiri. Ni mkopo wa nchi, kwa hiyo ni fedha ya umma. Ila miaka ya ujenzi inaivimbisha bajeti, na mradi ukiisha takwimu itashuka bila sera yoyote kubadilika.

Nchi hizi zilianza pamoja. Zilipishana wapi?

Hadi 1970 zilikuwa na chuo kikuu kimoja na Uganda, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Kilipovunjwa, Tanzania ya Mwalimu Nyerere iliweka nguvu kwenye elimu ya msingi kwa wote, na Azimio la Musoma la 1974 likataka mtu afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Hadi 1984 Dar es Salaam ndicho kilikuwa chuo kikuu pekee nchini. Kenya ilifungua milango kwa upana zaidi: Chuo Kikuu cha Moi mwaka 1984, wimbi la wanafunzi wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu) lilipofika 1990, kisha masomo ya jioni ya wanaojilipia kuanzia 1998, yaliyovipa vyuo fedha nyingi nje ya bajeti ya serikali.

Chemchemi hiyo ilikauka kwa kishindo. Udanganyifu wa mitihani ulipodhibitiwa, waliopata C+ na kuendelea, alama ya kuingia chuo kikuu, katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, walishuka kutoka karibu 169,000 mwaka 2015 hadi 88,929 mwaka 2016, na karibu wote wakapata nafasi za serikali. Wanaojilipia wakatoweka. Sehemu kubwa ya madeni ya leo ya vyuo vya Kenya ilianzia hapo, ndiyo maana ongezeko la ruzuku baada ya 2016 lisisomwe kama ukarimu mtupu.

Anayetumia zaidi ana vyuo bora?

Si lazima. Jedwali la matumizi haliambii kama fedha imenunua maabara au imelipa riba ya deni la chuo.

Nikitaka kufanya hesabu yangu mwenyewe, nianzie wapi?

Mwaka wa fedha wa nchi zote mbili unaanza Julai 1, kwa hiyo hapo huna kazi. Kwa Tanzania, soma hotuba ya Waziri wa Elimu bungeni, kwa kawaida Mei. Inaeleza kilichoidhinishwa na kilichopokelewa hadi wakati huo, na imeandikwa kwa Kiswahili. Kisha tafuta ripoti ya mwaka huo ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, inayotoka Aprili ya mwaka unaofuata. Kwa Kenya, taarifa za Msimamizi wa Bajeti zinatoka kila robo mwaka na zinaonyesha fedha zilizotoka kweli. Ripoti za Mkaguzi Mkuu zinaonyesha madeni ya kila chuo. Chagua mwaka ambao ukaguzi wake umekamilika katika nchi zote mbili, hata kama ni wa miaka miwili nyuma. Na juu ya jedwali lako andika wazi ulichokihesabu: shahada tu au na stashahada, umma tu au na binafsi, mkopo ghafi au uliopunguzwa marejesho.